Jiwe la Buluu

Kila aliyepata kuishi Iringa analifahamu jiwe la Gangilonga. Limekaa juu ya mji kama mzee aliyekaa kizingitini akitazama wapitao. Jina lake ni la Kihehe, na maana yake ni jiwe linalosema. Wazee husimulia kuwa Mtwa Mkwawa alikuwa akipanda huko kutafakari, kabla Wajerumani hawajamfikisha kwenye mwisho wake mwaka 1898. Mimi nimelitazama jiwe hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kuwa naijua rangi yake. Nilikuja kugundua uzeeni kwamba sikuijua. Waliokuja kunifungua macho ni wageni wawili, ambao hakuna kati yao aliyepata kuwa mwalimu wangu.

Lakini kwanza nitaeleza kosa langu.

Mwaka 1981 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu. Msomaji wa rika langu hahitaji kuambiwa hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, maduka yalikuwa matupu, na sabuni ilikuwa habari ya kuulizana njiani. Wakati huohuo, tangu mwaka 1977 taifa lilikuwa limeazimia kila mtoto aende shule, kwa hiyo walimu walihitajika kwa maelfu. Tulifundisha kwa tulichokuwa nacho. Katika somo la sanaa hatukuwa na rangi hata moja. Wanachuo walichorea mkaa, udongo mwekundu, majani yaliyopondwa, na waliobahatika walichorea buluu ya kufulia nguo.

Njia yangu ya kufundisha ilikuwa ile niliyofundishwa. Nilitundika picha ubaoni, na wanachuo waliinakili. Aliyeikaribia zaidi alipata alama nyingi, na aliyekuwa mbali nayo alipata chache. Ilikuwa njia nyepesi ya kusahihisha, nami wakati ule niliona kuwa ni njia ya haki.

Siku moja sikuwa na picha ya kutundika, nikawaambia wachore Gangilonga na walete kazi baada ya wiki. Kazi thelathini na kitu zikaja, karibu zote zikiwa na jiwe la kijivu au la hudhurungi. Moja tu ilikuwa na jiwe la buluu, na chini yake miti ilikuwa imefifia kama inayeyuka. Aliyeichora alikuwa kijana mpole kutoka mashamba ya chai ya Mufindi, ambaye babu yake alitoka Msumbiji kuja kutafuta kazi. Nikamsimamisha mbele ya wenzake.

“Wewe, jiwe la buluu umeliona wapi?”

“Mwalimu, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka, ndivyo lilivyo.”

“Au ni kwa sababu buluu ndiyo uliyokuwa nayo?”

Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Nikampa alama 30 kati ya 100, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu maneno mawili: Tazama vizuri.

Nilistaafu baada ya kuwa mkuu wa chuo kwa miaka mingi. Katika kugawa vitabu vilivyochakaa vya maktaba, nilichukua kimoja ambacho hakikuwa na jalada wala mteja. Kilikuwa na picha za wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19. Nilikichukua kwa ajili ya wajukuu. Jioni moja nikiwa nakifungua nikakutana na habari za mtu aitwaye Camille Pissarro, nikaanza kusoma nikiwa nimesimama.

Pissarro hakuzaliwa Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibiani, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Denmark. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye duka. Walimpeleka Ufaransa kusoma akiwa na umri wa miaka 12, wakamrudisha akiwa na miaka 17 ili ahesabu mizigo bandarini. Kijana alihesabu mizigo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akachora mabaharia na wapagazi. Mwaka 1852 akaondoka na mchoraji mmoja Mdenmark, Fritz Melbye, wakaenda Venezuela, na mwaka 1855 akafika Paris. Aliishi Ufaransa karibu miaka hamsini, akalea watoto huko, akafa huko mwaka 1903. Lakini mpaka anaingia kaburini, makaratasi yake yalikuwa ya raia wa Denmark.

Mke wake, Julie Vellay, alikuwa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya wazazi wake. Wazazi hawakupendezwa. Waliishi kwa dhiki kubwa, na mara nyingi Julie ndiye aliyelima bustani ili watoto wale. Ilipozuka vita kati ya Ufaransa na Prusia mwaka 1870 familia ilikimbilia London. Askari wa Prusia wakaikalia nyumba yao ya Louveciennes, na inasimuliwa kuwa turubai zake walizitandika bustanini wasikanyage matope. Inakadiriwa kuwa katika picha kama 1,500 alizokuwa amechora kwa miaka kama ishirini, zilizosalia ni karibu 40 tu. Aliporudi akaanza upya. Alikuwa na umri wa miaka 40 na ushei.

Mwaka 1874 yeye na wenzake, wakiwamo Monet, Renoir, Degas na Sisley, walifanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris, kwa kuwa maonyesho ya serikali yalikuwa yakiwakataa mara kwa mara. Mwandishi mmoja wa gazeti, aliyeona picha ya Monet ya mapambazuko bandarini, aliwabandika jina la dhihaka ambalo likabaki kuwa jina lao: waimpreshonisti, yaani watu wanaochora jinsi kitu kilivyowajia machoni kwa dakika ile. Kundi hilo lilifanya maonyesho manane hadi mwaka 1886. Mtu pekee aliyeshiriki yote manane ni Pissarro.

Nieleze kidogo walichokuwa wakikifanya, kwa kuwa hapo ndipo kosa langu lilipo. Zamani mchoraji wa mandhari alitoka nje, akachukua michoro midogo, akarudi chumbani kuchora picha kubwa kwa rangi alizofundishwa kuwa ndizo za mti, za jiwe na za kivuli. Tangu mwaka 1841 kulikuwa na rangi zilizofungwa katika vitubu vya bati, mfano wa dawa ya meno, na mtu aliweza kubeba rangi zake zote begani. Pissarro na wenzake walibeba turubai, wakaenda shambani, wakachora palepale. Na walipotazama kwa bidii waliona jambo la kushangaza: kivuli si cheusi. Kivuli juu ya theluji ni buluu. Mti wa mbali wakati wa jioni ni zambarau. Rangi haikai ndani ya kitu kama maji yanavyokaa mtungini. Huletwa na mwanga, na mwanga ukiondoka huondoka nayo.

Mwaka 1876 mhakiki mmoja maarufu wa gazeti la Le Figaro, Albert Wolff, aliandika kwa kejeli kwamba mtu amweleweshe Bwana Pissarro kuwa miti si ya zambarau.

Niliposoma mstari huo nilikaa chini. Niliona wino wangu mwekundu. Miaka mia moja na mitano baada ya Wolff, nikiwa Iringa, mbali na Paris kwa kila hali, nilikuwa nimeandika uhakiki uleule kwa maneno mawili. Tofauti ni kwamba Pissarro alikuwa mtu mzima mwenye marafiki na mke shupavu. Mwanachuo wangu alikuwa na miaka 19, na mimi ndiye niliyeshika alama zake.

Huenda msomaji akasema, hizo ni habari za Ulaya; sisi zinatuhusu nini? Nami nilijiuliza hivyo. Ndipo nilipomkumbuka mgeni wa pili, ambaye kazi yake nilikuwa nimeiona kwa macho yangu bila kuielewa.

Watu wetu wengi wakisikia mchoraji wa Tanzania humtaja Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam na kufa mwaka 1972. Wachache humkumbuka Sam Ntiro wa Machame, aliyesomea uchoraji Makerere na London, kisha akawa balozi wetu huko Uingereza mara baada ya Uhuru. Elimo Njau hutajwa mara chache zaidi, labda kwa sababu maisha yake ya kazi aliyapeleka ng'ambo ya mpaka.

Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, pahali ambapo sisi walimu tunapajua kwa chuo cha ualimu kilichoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri. Miaka ya 1950 alisoma Makerere, katika shule ya sanaa ya mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, aliyekuwa ameanza kufundisha uchoraji mwaka 1937. Mama Trowell hakupenda Waafrika wafundishwe kuiga wachoraji wa Ulaya. Aliwasimulia wanafunzi kisa au mandhari kwa maneno, kisha akawaacha wachore walichokiona mawazoni mwao.

Mwaka 1959 Njau alipewa kazi ambayo sidhani kama mwenyeji angeikubali kwa urahisi. Huko Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, lilijengwa kanisa la Kianglikana la kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na kila ukoo ulikuwa na maiti wake: wengine waliuawa kwa kukataa kiapo, wengine walikufa msituni au kizuizini kwa ajili ya ardhi yao. Ni nani angechora ukuta wa kanisa hilo pasiwe na mtu wa kumuuliza, wewe ulikuwa upande gani? Alichora kijana wa Kichagga, mwenye umri wa miaka 27.

Niliziona picha hizo mwaka 1987, tulipokwenda Kenya kundi la walimu wa kanisa, miaka michache baada ya mpaka kufunguliwa. Ni tano, kubwa, ukutani: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Msalaba. Watu wote ni weusi, na nyuma yao hakuna Palestina. Kuna nchi ileile ya vilima tuliyokuwa tumeipita kwa basi asubuhi. Nakumbuka nilimwambia mwenzangu kwamba si sahihi kihistoria. Mama mmoja mwenyeji aliyekuwa akifagia, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, alinijibu: “Mwalimu, sisi tuliomboleza hapa, si Yerusalemu.” Nikanyamaza, lakini sikujifunza. Mtu anaweza kuambiwa jambo mwaka 1987 akalisikia miaka ishirini na tano baadaye.

Njau akabaki Kenya. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha jijini Nairobi jumba la sanaa walilolipa jina zuri la Kiswahili, Paa ya Paa. Mswahili ataonja mwenyewe utamu wa jina hilo: kuna paa, mnyama mwepesi wa porini, na kuna kupaa. Paa anapaa. Lilikuwa miongoni mwa majumba ya kwanza ya aina hiyo kuanzishwa na Waafrika katika Afrika Mashariki, na wachoraji, washairi na watoto wa shule walipata pa kukutana. Msimamo wake aliurudia miaka yote: usiige, maana kuiga ni kumlaza Mungu usingizi.

Hapo nataka msomaji aone jinsi uhamiaji unavyoweza kumfuata mtu aliyekaa. Njau alipokwenda Murang'a mwaka 1959 hakuwa mgeni kwa sheria. Tanganyika na Kenya zote zilikuwa chini ya Mwingereza, na njia ya Moshi hadi Nairobi ilikuwa njia tu. Kisha ukaja Uhuru, mwaka 1961 kwetu na 1963 kwao, na mstari wa ramani ukawa mpaka. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983. Pissarro naye aliyaona hayo kwa namna yake. Miaka ya 1890 Ufaransa ilipogawanyika juu ya kesi ya Dreyfus, yule ofisa Myahudi aliyesingiziwa uhaini, Degas na Renoir, watu aliotundika nao picha ukuta mmoja, walianza kumkwepa.

Na mwaka 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa. Picha zikaungua, vitabu vikaungua, kumbukumbu za zaidi ya miaka thelathini zikaungua. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria bustani ya Louveciennes. Mmoja alipoteza kazi zake kwa mabuti ya askari, mwingine kwa moto. Na kama Pissarro, Njau naye alianza kujenga tena mahali palepale.

Sitaki kusema kwamba watu hawa wawili ni kitu kimoja. Pissarro alitazama kilichokuwa mbele yake, na alipopatwa na maradhi ya macho yaliyomkataza upepo na vumbi, alikodi vyumba vya hoteli akachora mitaa ya Rouen na Paris kupitia dirishani, kwa kuwa asipoona hawezi. Njau alitoka katika shule iliyofundisha kuchora kutoka moyoni, na nchi aliyoibeba ndani yake ilikuwa na uzito sawa na nchi aliyoikanyaga. Mtu angeweza kusema wanapingana. Lakini wote wawili walikataa jambo lilelile, yaani picha iliyotundikwa ubaoni. Na wote wawili walikuwa walimu. Cézanne na Gauguin walipita mikononi mwa Pissarro, na wanaomsimulia wanasema alikuwa mpole na mvumilivu kwa vijana.

Nimejiuliza sana kwa nini wageni ndio walioona. Jibu langu, kwa kadiri ya akili yangu, ni hili: mwenyeji huacha kutazama mapema. Akishajua kuwa lile ni jiwe na jiwe ni la kijivu, macho yake hupumzika. Mgeni hana raha hiyo. Lazima atazame njia, atazame mawingu, atazame nyuso za watu ajue kama anakaribishwa. Sisi wa Iringa tumepokea wageni wengi. Wapolandi waliokimbia vita vikuu vya pili waliwekwa Ifunda. Wagiriki walilima tumbaku. Watu kutoka pande nyingi walikuja kuchuma chai Mufindi. Sijui ni wangapi kati yao walioliona jiwe likiwa buluu wakanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Na hata kabla ya hao wote, huko Igeleke, mwendo mfupi kutoka mjini, kuna watu wa kale waliochora juu ya mwamba kwa rangi nyekundu, bila mwalimu wa kuwapa alama.

Nilipomaliza kukisoma kile kitabu, nilifanya nilichopaswa kufanya mwaka 1981. Mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa koti, nikachukua fimbo. Mke wangu aliniuliza naenda wapi, nikamjibu kuwa naenda kusahihisha kazi ya mwanafunzi. Nilisimama barabarani chini ya Gangilonga mpaka saa kumi na mbili. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Jiwe lilikuwa buluu, wala si buluu ya kudhania; ilikuwa buluu ileile ya kufulia, ikiwa imechanganywa na maji mengi, na miti chini yake ilikuwa inayeyuka. Baadaye jua lilitokeza, jiwe likawa la waridi kidogo, kisha likawa la kijivu, jiwe ninalolijua mimi.

Yule kijana alifaulu mtihani wake wa ualimu, kwa kuwa masomo mengine yalimbeba. Nilikutana naye stendi ya mabasi kabla sijastaafu, naye akiwa ameshakuwa mtu mzima mwenye mvi. Aliniamkia kwa heshima, “Shikamoo Mwalimu,” akaniambia kuwa amefundisha hesabu miaka yote. Nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, kama bado anachora. Alicheka kidogo akasema, “Aa, Mwalimu, ile niliacha pale pale chuoni.” Basi lake likaondoka. Wakati huo sikuwa nimekisoma kile kitabu, kwa hiyo sikujua ni kitu gani nilichokuwa nimeambiwa.

Tangu hapo nimemwandikia barua mara mbili, kwa anwani niliyopewa na walimu wenzake, nikimweleza yale niliyoyaona Julai ile. Sijapata jibu, na sina haki ya kulidai. Lakini nyinyi mlio bado madarasani, mnaoshika wino mwekundu, nawaomba jambo moja dogo lisilohitaji bajeti. Mtoto akikuletea jiwe la buluu, usimpe alama siku hiyo. Muulize ni saa ngapi alilitazama, kisha kesho yake uamke mapema uende ukaone.